Monita ya chogo: dondoo za kupata herufi kali

Steshenari yako hapa Babati mjini bado ina monita ya chogo? Herufi zikiwa na ukungu, kagua upana wa bendi ya video, yaani kasi ya saketi zake kuwasha na kuzima nukta, kabla hujamlaumu fundi.

1. Tafuta kipimo cha bendi hiyo, kwa MHz, kwenye kitabu cha monita. Kibandiko cha nyuma mara nyingi hueleza umeme tu.

2. Linganisha: nukta 1024 kwa 768, mizunguko 85 kwa sekunde, huja kwa 94.5 MHz; kwa mizunguko 60, ni 65 MHz. Monita iwe na zaidi ya hapo.

3. Chora mistari ya unene wa nukta moja, wima na mlalo. Ya wima ikififia huku ya mlalo ni mikali, bendi ni finyu au kebo ni mbovu.

4. Usipandishe nukta na mizunguko hadi mwisho. Hili ndilo kosa kubwa: monita kukubali picha si kuionyesha vizuri.

5. Punguza nukta kwanza, si mizunguko. 800 kwa 600 kwa mizunguko 85 huhitaji 56.25 MHz tu, na picha haitachezacheza machoni.

6. Ukiona kivuli kando ya herufi, badili kebo. Fupi na nene ni bora. Epuka kuiungia nyingine.

7. Usifungue kava! Kioo hubaki na maelfu ya volti hata plagi ikichomolewa.