Kitufe cha dharura kwenye draivu ya mota

Swali: Fundi ameunga kitufe chekundu cha msumeno wangu wa mbao kwenye terminali ya kawaida ya kuzimia draivu. Inatosha?

Jibu: Haitoshi, ndugu msomaji. Terminali hiyo hutegemea programu. Programu ikikwama au mtu akibadilisha mpangilio, msumeno utaendelea kuzunguka hata ukibonyeza.

Weka kitufe kinachojifunga kikibonyezwa, chenye kontakti mbili ambazo kwa kawaida hupitisha umeme. Kila moja iwe na nyaya zake hadi kwenye relei ya usalama, na relei ikate terminali zote mbili za STO za draivu (Safe Torque Off, yaani kuiondolea mota nguvu ya kuzunguka kwa usalama). Hivyo hata waya ukikatika, mota inakosa nguvu.

STO haifungi breki: bapa zito litaendelea kuzunguka kwa muda. Chagua relei yenye ucheleweshaji, ili draivu iamriwe kupunguza mwendo kwanza, kisha STO ikate.

Kuachia kitufe kusiwashe msumeno. Awashe mtu, kwa amri nyingine. Na kabla ya kugusa nyaya, zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, subiri dakika zilizoandikwa kwenye draivu, kisha pima. STO haiondoi umeme ndani ya draivu.