Ng'ombe Aliyekufa Ghafla
Fundisho juu ya kimeta na maneno ya uganga wa mifugo

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha baada ya kiangazi kirefu. Asubuhi moja mzee mmoja wa milima ya Kivu alikwenda kufungua zizi lake. Alikuwa na ng'ombe wanne. Watatu walisimama mlangoni wakingoja kupelekwa malishoni. Wa nne, jike mweusi mwenye mimba, alikuwa amelala ubavuni, amekwisha kufa. Jana yake jioni alikula na kunywa kama wenzake.

Mzee alishika kichwa. Ndama wa ng'ombe yule ndiye aliyewekwa kwa ajili ya minerivali ya watoto wawili. Ndugu yake mdogo alifika na kisu, majirani nao wakaja na vikapu. Walisema: «Tumpasue upesi, nyama isiharibike. Nyingine tutakula, nyingine tutauza, nawe utapata kurudisha nusu ya hasara yako.»

Binti wa mzee, mwanafunzi wa mwaka wa sita, alikuwa anatazama pua ya ng'ombe. Damu nyeusi ilikuwa inatiririka polepole, wala haikuganda. Akasema: «Baba, nakuomba, asipasuliwe kwanza. Damu hii si ya kawaida. Tumwite munganga wa mifugo.»

Baba mdogo alikasirika: «Toka lini mtoto akawafundisha wazee kuchinja?» Akainua kichwa cha ng'ombe kwa mikono yake, awaonyeshe watu kwamba hakuna neno.

Mzee alinyamaza kitambo. Alifikiri minerivali, akafikiri vikapu vya majirani. Mwishoni akasema: «Rudisha kisu alani. Munganga aitwe.»

Je, mzee alifanya vema, ama alipoteza nyama bure? Ili kujibu, yafaa kwanza kujua mwili wa ng'ombe mzima, halafu maneno ya waganga wa mifugo, halafu ugonjwa wenyewe.

1. Ng'ombe mzima

Mchungaji mwema huwajua ng'ombe wake wanapokuwa wazima. Ndipo ataweza kumtambua mgonjwa. Ng'ombe mzima ana macho maangavu na pua yenye umande. Manyoya yake yamelala, masikio yanachezacheza. Hutembea pamoja na wenzake, wala habaki nyuma.

Tena hucheua. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Chumba cha kwanza ndicho kikubwa kupita vingine: katika ng'ombe mkubwa chaweza kuchukua zaidi ya litri 100. Majani huingia humo bila kutafunwa vizuri. Baadaye ng'ombe akitulia huyarudisha kinywani, akayatafuna tena pole pole. Ng'ombe aliyeacha kucheua ana shida, hata kama bado anasimama.

Joto la mwili wake ni kama digrii 38 hadi 39. Mganga hulipima kwa kutia kipima-joto katika njia ya haja kubwa. Likifika 40 au 41, ng'ombe yule ana homa.

2. Maneno ya mganga wa mifugo

Dalili ni alama ya ugonjwa inayoonekana au inayopimwa: homa, kikohozi, kuhara, uvimbe. Dalili si ugonjwa wenyewe. Homa moja yaweza kutoka katika magonjwa mengi, kama vile moshi mmoja waweza kutoka katika kuni za namna nyingi.

Kisababishi ni kile kinacholeta ugonjwa. Visababishi vingi ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho matupu: bakteria na virusi. Vingine huonekana, kama minyoo ya tumboni. Kupe na mbung'o kwa kawaida huwa wachukuzi: wanaponyonya damu huingiza visababishi mwilini. Kupe huleta ndigana, mbung'o huleta nagana.

Maambukizo ni kupita kwa kisababishi toka mwili mmoja kuingia mwingine, ama kwa njia ya pumzi, ama chakula, ama kidonda, ama wadudu.

Siku za kujificha ni siku zilizo kati ya kuambukizwa na dalili ya kwanza. Katika siku hizo mnyama huonekana mzima, kumbe sivyo.

Kidonda cha ndani ni badiliko la kiungo kwa sababu ya ugonjwa. Mganga hulitafuta katika maiti kwa kupasua na kutazama moyo, mapafu, ini, figo, wengu na matumbo. Kazi hiyo huitwa uchunguzi wa maiti. Lakini kuna maiti moja ambayo mganga mwenye akili hapasui. Ni ile ya ng'ombe aliyekufa kwa kimeta.

3. Kimeta

Kimeta huletwa na bakteria. Huwashika hasa ng'ombe, kondoo na mbuzi, na wanyama wa porini wanaokula majani. Tena huwashika watu. Kwa Kifaransa huitwa «charbon», yaani makaa. Na neno la Kigiriki «anthrax» maana yake ni makaa vilevile, kwa sababu kidonda cha mtu mwenye ugonjwa huu huwa cheusi kama kaa la moto lililozimika.

Ng'ombe aweza kufa katika masaa machache, pengine katika siku moja au mbili. Akionekana akiwa hai, ana homa kubwa, anatetemeka, anapumua kwa shida, kisha anaanguka. Mara nyingi mchungaji haoni dalili yo yote: anamkuta amekwisha kufa. Basi inafaa kujua alama za maiti:

a) Damu nyeusi hutoka puani, kinywani au katika njia ya haja, wala haigandi.
b) Tumbo huvimba upesi sana.
c) Mwili haukauki vizuri kama maiti nyingine, miguu hubaki laini.

Alama hizi zisipotimia zote, bado mtu asiseme: «Si kimeta.» Mnyama ye yote aliyekufa ghafla pasipo sababu inayojulikana aachwe bila kupasuliwa mpaka mganga afike.

Zamani waliompasua ng'ombe wa namna hii waliukuta wengu umevimba, mweusi, laini kama tope. Ndiyo maana Wadachi waliuita ugonjwa huu «moto wa wengu». Lakini kuitafuta alama hiyo ni hatari kubwa, na sababu ni hii.

4. Mbegu zinazolala katika udongo

Ndani ya maiti iliyofungwa, bakteria wa kimeta hawadumu, uozo huwaua. Lakini damu ikimwagika nje na kupata hewa, kila bakteria hujifunga katika ganda gumu sana. Umbo hilo huitwa spora. Ni kama mbegu: haili, haikui, inangoja tu. Jua haliikaushi ikafa, wala kuchemsha kidogo hakuiui. Yaweza kulala udongoni miaka makumi.

Mvua huja, maji huzichukua spora na kuzikusanya bondeni. Kiangazi hurudi, majani huwa mafupi, na ng'ombe hula karibu na mizizi, akimeza udongo pamoja na majani. Ndipo spora huamka ndani ya mwili wake. Hivi ng'ombe mmoja aliyepasuliwa leo aweza kuua ng'ombe wa wajukuu.

Mtu huambukizwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ngozi: mwenye mkwaruzo mkononi akichuna au akishika damu, baada ya siku chache hutoka kipele chenye kuwasha, kisha lengelenge, kisha kidonda cheusi kisichouma, chenye uvimbe pande zote. Bila dawa, hata mtu 1 kati ya 5 aweza kufa; akitibiwa mapema, karibu wote hupona. Ya pili ni kula nyama yake, na ya tatu ni kuvuta spora kwa pumzi, kama katika kazi ya ngozi na sufu. Hizi mbili ni mbaya kuliko ya kwanza.

5. Waliofunua siri

Mwaka wa 1876 mganga mmoja Mdachi, Robert Koch, alionyesha kwamba kimeta huletwa na bakteria hawa, tena kwamba hutengeneza spora. Miaka mitano baadaye Mfaransa Louis Pasteur alitengeneza chanjo kwa bakteria waliopunguzwa nguvu. Wengi hawakumsadiki. Basi alikubali kujaribiwa mbele ya watu, katika shamba la Pouilly-le-Fort, huko Ufaransa. Mwezi wa tano wa mwaka 1881 alichanja kondoo 24, mbuzi 1 na ng'ombe 6. Wengine aliwaacha bila chanjo. Tarehe 31 ya mwezi ule wote walitiwa bakteria wakali. Tarehe 2 ya mwezi wa sita watu walikusanyika: waliochanjwa walikuwa wanasimama, katika kondoo na mbuzi wasiochanjwa, karibu wote walikuwa wamekufa, na waliosalia wakafa siku ile ile.

Katika miaka ya 1930 Max Sterne, mganga wa mifugo wa Afrika Kusini, alipata chanjo nyingine iliyo salama zaidi. Chanjo yake ingali ikitumika. Mahali penye kimeta, mifugo huchanjwa kila mwaka.

Ugonjwa huu si habari ya zamani tu. Mwaka wa 2025, katika Mbuga ya Virunga, viboko wasiopungua 50 walikufa, na nyati pia. Maiti za viboko zilielea mtoni. Vipimo vilionyesha kimeta. Watu wa kandokando walionywa wasile nyama ya porini, na wachemshe maji vizuri kabla ya kunywa.

6. Munganga afika

Saa tisa munganga alifika kwa mzee. Alivaa mifuko ya mikono, akachukua tone moja la damu katika sikio la maiti, akalipaka juu ya kioo. Chini ya mikroskopi, chombo cha kukuzia vitu vidogo, vilionekana vijiti vyenye ncha za mraba, vimefuatana kama mnyororo. Akasema: «Mzee, ni kimeta. Kama mngempasua, leo ningekuwa nahesabu watu, si ng'ombe.»

Majirani walitazama vikapu vyao, wakanyamaza.

Siku ile ile walichimba shimo la kwenda chini metre mbili, mbali na kijito. Maiti ikazikwa nzima, pamoja na udongo uliolowa damu. Juu wakatia mawe na miiba, ili mbwa na fisi wasifukue. Mmoja wa ng'ombe watatu waliobaki alikuwa na homa. Huyo alipigwa sindano ya dawa, na maziwa yake yakamwagwa shimoni. Wawili walichanjwa. Yule mgonjwa alichanjwa baadaye, alipokwisha kumaliza dawa, kwa sababu dawa inayoua bakteria wa ugonjwa ingeua na wale wa chanjo. Akapona.

Baba mdogo alioshwa mikono kwa maji mengi na sabuni, akaambiwa aangalie ngozi yake. Siku ya nne kipele kilitoka katika kifundo cha mkono. Hakungoja kiwe cheusi. Alikwenda kwenye kituo cha afya, akatibiwa, akapona. Aliporudi alipita kwanza kwa mzee, akamwita yule binti: «Mwanangu, siku ile nilikuuliza toka lini. Nimekwisha kupata jibu.»

Minerivali haikupatikana yote. Mzee aliuza mbuzi wawili, binti akaendelea na shule. Ndugu yake mdogo alikaa nyumbani muhula mzima akichunga. Hasara ni hasara. Lakini jioni, watu wa nyumba ile walipokusanyika kwa sala, hakukosekana hata mmoja. Mungu alimpa mtu wanyama awatunze na kupata riziki kwao. Alimpa na akili, ajue siku ya kula na siku ya kuacha.

Mambo ya kushika

1. Mnyama akifa ghafla: usimpasue, usimchune, usimle, usimwuze.
2. Zuia watoto, mbwa na mifugo wasikaribie.
3. Mwite mganga wa mifugo, ama mpe habari mkuu wa kijiji.
4. Maiti izikwe nzima, chini sana, mbali na maji, ama ichomwe kabisa kwa shauri la mganga.
5. Aliyeigusa anawe kwa sabuni. Akiona kipele, aende kutibiwa mara moja.
6. Mifugo ichanjwe kila mwaka kabla ugonjwa haujaja.

Maulizo

1. Taja alama nne za ng'ombe mzima.
2. Dalili na kisababishi vina tofauti gani? Toa mfano.
3. Kwa nini maiti ya kimeta isipasuliwe, hata na mtu anayetaka kujua sababu ya kufa?
4. Spora ni nini? Inafanana na mbegu kwa jambo gani?
5. Kwa nini Pasteur aliwaacha wanyama wengine bila chanjo?
6. Kwa nini ng'ombe mwenye homa hakuchanjwa siku moja na wenzake?
7. Mzee alipoteza nini, na aliokoa nini? Andika mistari sita.

Kazi. Uliza nyumbani: ng'ombe au mbuzi akifa ghafla, watu hufanya nini? Waeleze wazee kwa heshima yale uliyojifunza, kisha andika majibu yao katika daftari.