Utani na Mzaha: Mpaka Wake ni Upi?



Wapenzi wanafunzi na wazazi, hapa Chemba tunaishi pamoja Warangi, Wasandawe, Waburunge na Wagogo, na utani tumeukuta. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", na mjukuu naye humtania babu bila kuogopa fimbo. Nchini kwetu hata makabila hutaniana: Wahehe na Wangoni walipigana vita katika karne ya 19, leo ni watani. Msibani mtani huwachekesha wafiwa, na kazi pia hushika. Kwa hiyo utani ni udugu.

Je, Uislamu unakataza mzaha? La. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwa Anas (R.A.) kuwa mtu mmoja alimwomba Mtume (S.A.W.) mnyama wa kupanda. Mtume akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume akamkumbusha kuwa kila ngamia amezaliwa na ngamia. Ulikuwa mzaha, lakini haukuwa na uongo ndani yake.

Nilipokuwa mwanafunzi wa madrasa, siku moja tulificha kandambili za mzee mmoja alipokuwa akiswali Magharibi. Mjukuu wake alikuwa kati yetu, akasema, "Huyu ni mtani wangu." Mzee alizitafuta, akakata tamaa, akaenda nyumbani pekupeku gizani. Njiani akachomwa na mwiba wa mgunga, na kwa siku nane hatukumwona msikitini. Tulipokwenda kumwomba radhi alitusamehe, akasema, "Wajukuu zangu, mtani wa kweli huchukua huku unamwona."

Maneno yake yanaafikiana na hadithi aliyoipokea Abu Daud. Safarini Sahaba mmoja alilala, mwenzake akaichukua kamba yake, naye akashtuka. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa si halali Mwislamu kumtia hofu Mwislamu mwenzake.

Basi kabla ya kufanya mzaha, jiulize:

1. Je, ninalosema ni kweli? Wapo wanaopiga simu tarehe 1 Aprili kutangaza msiba usiokuwepo.

2. Je, mwenzangu atabaki salama, bila hofu wala hasara?

3. Je, na yeye atacheka?

Jibu la swali moja tu likiwa "hapana", acha.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli na mikono isiyoudhi. Amin. Wabillahi tawfiq.