Nguvu Iliyofichika: Mafunzo ya Kutengeneza Trekta na Tingatinga Bila Madhara



Mashine kubwa za kulima na kuchimba si ngeni tena katika nchi yetu. Trekta la kukodi hulima shamba lako. Tingatinga husafisha pori, huchimba lambo la ng'ombe na kutengeneza barabara ya kijiji. Pengine wewe ni mwanachama wa ushirika wenye trekta moja. Pengine huna hata spana nyumbani. Hata hivyo karatasi hii yakuhusu, kwa sababu siku mashine itakapoharibika shambani kwako, wewe ndiwe utakayeitwa kushika taa, kuinua chuma, au kujitia chini ili kumpokea fundi nati.

Yafaa tukumbuke habari ya Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kazi kubwa ya kulima karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, katika Tanganyika. Matrekta na matingatinga mengi yaliletwa, na baadhi yake yalikuwa yamekwisha kutumika vitani. Ukame na udongo mgumu viliiharibu kazi ile. Lakini tena vipuri vilikuwa haba, mafundi hawakutosha, na mashine nyingi zikalala. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Hapo watu walijifunza kwamba mashine isiyotunzwa hufa upesi. Lakini liko somo la pili, nalo ndilo la karatasi hii: mashine yaweza kumwua yule anayeitunza.

MASHINE ILIYOZIMWA HAIJATULIA

Ng'ombe wa plau akisha kufunguliwa nira, amepumzika. Mashine sivyo. Ukiizima injini, mlio umekoma, lakini nguvu yaweza kubaki ndani yake mahali pengi: katika chuma kilichoinuliwa, katika mafuta yaliyoshindiliwa, katika maji ya moto, katika hewa ya tairi, na katika betri. Nguvu hizo hazipigi kelele. Mtu aliyeiogopa mashine ilipokuwa ikinguruma, huisogelea bila hofu ikisha kunyamaza, na hapo ndipo inapompata.

Basi shika kanuni moja, maana yote yatakayofuata hutoka kwayo: usitie mkono wala mwili mpaka kila nguvu iliyomo imetulia.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Kwanza, iweke mashine mahali tambarare penye udongo mgumu. Ikiwa imekwama mtelemkoni, heri ivutwe kwanza kuliko kutengenezwa papo hapo.

Ya pili, shusha chini kila kilichoinuliwa: plau, haro, ndoo ya kuchotea, na bledi, yaani lile bamba la chuma la kusukumia udongo.

Ya tatu, toa gia, kaza breki ya mkono, zima injini, na uchomoe ufunguo. Ufunguo huo uwe mfukoni mwa yule anayekwenda kufanya kazi, wala usibaki mfukoni mwa dereva. Ikiwa mafundi ni wawili, yule aliye chini ndiye mwenye ufunguo.

Ya nne, injini ikiwa imezimwa na vyuma viko chini, sukuma na kuvuta kila mkono wa haidroliki mara kadhaa, ili mafuta yaliyoshindiliwa katika mipira yapate kulegea.

Ya tano, weka magogo au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Breki ni kitu cha kuchakaa. Gogo halichakai kwa siku moja.

UZITO ULIOINULIWA

Tuseme mvua ya kwanza imenyesha. Majirani wanangojea zamu zao, na bolti moja ya plau imelegea. Dereva aiinua plau, azima injini, na kijana mmoja ajitia chini ili akaze bolti. Mtoto apanda kitini kuchezea, agusa mkono wa haidroliki, na plau yashuka. Wengi hudhani kwamba injini ikizimwa, plau haiwezi kushuka. Sivyo. Injini yatakiwa kwa kuinua. Kwa kushusha, uzito wenyewe watosha. Na hata asipogusa mtu yeyote, mpira wa mafuta waweza kupasuka. Plau ya diski tatu huzidi kilo 300, nayo ni sawa na magunia matatu ya mahindi yakianguka pamoja juu ya kifua. Bledi ya tingatinga huweza kuzidi tani moja.

Kwa hiyo, chuma ambacho ni lazima kiwe juu kishikizwe kwa nguzo za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, au kwa magogo manene ya mti mgumu yaliyopangwa kwa kukingamana, safu juu ya safu. Usitumie matofali ya saruji, hasa yale yenye matundu, kwani hupasuka ghafula bila kuonya. Wala usiitegemee jeki peke yake. Kazi ya jeki ni kuinua. Kazi ya kushikilia ni ya gogo. Udongo ukiwa laini, tandika ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya magogo, usije ukadidimia kazi ikiwa katikati.

Vivyo hivyo kwa gari la tipa: usiingie chini ya bodi iliyoinuliwa mpaka nguzo yake ya kuizuia imewekwa. Na ile mashine inayojikunja kiunoni inapopinda njia ina chuma maalumu cha kufungia kiuno hicho. Kifunge kwanza, maana nafasi anamosimama mtu hujibana mara moja ukigeuzwa usukani.

MAFUTA YALIYOSHINDILIWA

Mafuta ya haidroliki husukumwa kwa nguvu inayozidi mara 50 ile ya hewa iliyo katika tairi ya gari dogo. Mpira ukiwa na tundu dogo kama la sindano, mafuta hutoka kwa mchirizi mwembamba ambao pengine huuoni. Mchirizi huo hupenya ngozi, hata kama umevaa glavu. Kwa hiyo usitafute mahali panapovuja kwa kupapasa kwa mkono. Chukua kipande cha boksi gumu au cha ubao, ukipitishe karibu na mpira, nacho kitakuonyesha mahali penyewe. Hatari hiyo hiyo imo katika paipu na nozeli za dizeli.

Sikiliza vema habari ya jeraha hili, kwa kuwa hudanganya. Huonekana kama mchomo wa mwiba, na mara ya kwanza pengine haliumi sana. Mtu hulipangusa, akaendelea na kazi. Lakini ndani mafuta yamekwisha kuenea kufuata mishipa ya kidole, nayo huua nyama. Baada ya saa chache mkono huvimba na kuuma sana, na akichelewa huenda kidole au mkono ukakatwa. Basi mtu akichomwa hivyo, apelekwe hospitali saa ile ile, wala asingojee maumivu wala asubuhi. Mwambieni daktari wazi kwamba mafuta yenye msukumo mkubwa yameingia mwilini, ili asilichukue kuwa jeraha dogo. Msilikamue wala msilitie dawa ya kienyeji.

MAJI YA MOTO

Maji yaliyo ndani ya rejeta ya injini iliyofanya kazi huwa yamefungiwa kwa msukumo, na kwa sababu hiyo huweza kuzidi joto la maji yanayochemka jikoni. Ukifungua kifuniko, huruka usoni na kifuani. Ngoja mpaka waweza kuiwekea rejeta mkono na kuuacha pale. Kisha funika kifuniko kwa kitambaa kinene, geuza uso kando, ulegeze kidogo kidogo mpaka mvuke umekwisha, ndipo ukiondoe. Kungoja nusu saa si hasara. Kuchomwa macho ni hasara isiyolipika.

TAIRI NA MINYORORO

Hewa ya tairi kubwa ina nguvu ya kurusha chuma. Usisimame mbele ya tairi inapojazwa. Tumia mpira mrefu, usimame upande wa kukanyagia. Gurudumu lenye pete za chuma, kama yale ya baadhi ya malori na mashine za kuchimba, lisifunguliwe mpaka hewa yote imetoka na kipini cha ndani cha valvu kimeondolewa. Na linapojazwa, liwe ndani ya kizimba cha chuma. Wala usikubali mtu achomelee rimu wakati tairi lipo juu yake, hata ikiwa hewa imetolewa. Joto huzaa gesi ndani ya tairi, nalo hupasuka kama baruti.

Minyororo ya tingatinga nayo hukazwa kwa grisi iliyoshindiliwa. Fundi anapoilegeza, na afungue valvu yake pole pole bila kuitoa, asimame kando, wala asiinamishe uso kuchungulia tundu.

BETRI NA KUWASHA

Betri inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Basi pasiwe na sigara wala kibatari karibu. Waya ule uliofungwa kwenye mwili wa mashine ndio unaofunguliwa kwanza, na ndio unaofungwa mwisho. Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi safi bila kukawia. Na ikiingia machoni, osha kwa muda mrefu, kisha uende hospitali.

Iko desturi mbaya ambayo imewaua madereva hodari. Ufunguo ukikataa kuwasha, dereva husimama chini, mbele ya gurudumu kubwa la nyuma, akaunganisha vichwa viwili vya stata kwa spana. Injini huwaka, na ikiwa trekta lilikuwa katika gia, huondoka mara moja na kumpanda yeye mwenyewe, naye hana pa kukimbilia. Trekta liwashwe na mtu aliyeketi kitini, wala si vinginevyo. Ikiwa haliwaki, tengenezeni kinachozuia.

MHIMILI UNAOZUNGUKA

Ule mhimili wa nyuma ya trekta unaoendesha pampu au mashine ya kupukuchulia mahindi huzunguka, katika matrekta mengi, mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde moja. Ncha ya shuka, kanga au mkono wa shati ikinaswa, mtu ameviringishwa kabla hajapiga kelele. Usiutie grisi, usiuvuke, wala usiondoe uchafu mpaka injini imezimwa na mhimili umesimama kabisa. Bomba lake la kukinga likivunjika, mashine isifanye kazi mpaka limerudishwa.

JUU YA HARAKA, NA JUU YA WATOTO

Hayo yote si magumu kufahamu. Kinachoyavunja ni haraka. Mvua imenyesha, foleni ni ndefu, mwenye trekta analipwa kwa ekari, na hakuna anayetaka kuonekana mwoga. Watu husema ajali haina kinga. Lakini ajali hizi tulizozitaja zina kinga, na kinga yenyewe ni dakika kumi na magogo machache. Shamba likichelewa kulimwa siku moja laweza bado kuvunwa.

Kwa hiyo wewe mwenye shamba una haki ya kusema neno. Fundi akikuita uingie chini ya chuma kisichoshikizwa, mjibu kwa adabu, "Bwana fundi, tuweke gogo kwanza." Fundi mwema hatakasirika. Tena fukuza watoto wote mbali na mashine kabla kazi haijaanza, na mchague mtu mmoja tu wa kutoa amri, ili asitokee mmoja akasema "Washa" na mwingine yungali chini. Baada ya kazi, hesabuni watu na spana, rudisheni kila kifuniko mahali pake, ndipo mwenye ufunguo aurudishe kwa dereva.

KUMBUKA

1. Shusha kila kilichoinuliwa, zima injini, chomoa ufunguo.
2. Ufunguo ukae mfukoni mwa aliye chini.
3. Jeki huinua, gogo hushikilia.
4. Usipapase mpira wa mafuta kwa mkono.
5. Jeraha dogo la mafuta ni safari ya hospitali leo hii.
6. Rejeta ipoe kwanza.
7. Usiwashe trekta ukiwa umesimama chini.
8. Mhimili usimame kabisa ndipo uusogelee.
9. Watoto wakae mbali.

Wasomee wenzako wa ushirika karatasi hii kabla ya msimu wa kulima, na kwa yule asiyejua kusoma, mwonyeshe kwa vitendo pale penye trekta lenyewe. Kisha katieni magogo manne ya mti mgumu, myafunge nyuma ya trekta, yaende nalo kila liendako.