SOMO: PETROLI SI MAFUTA YA TAA

Siku hizi katika vijiji vingi petroli inauzwa kama chumvi na sabuni. Bodaboda zimefika hadi milimani. Wakulima wa bustani wana pampu za kumwagilia. Kituo cha mafuta kiko mbali, pengine kilomita 30 au zaidi. Basi ndugu mmoja huenda mjini na dumu la lita 20, akirudi huyagawa mafuta katika chupa za maji ya kunywa na kuzipanga mezani mbele ya nyumba. Jioni ikiingia chupa huingizwa ndani na kuwekwa uvunguni mwa kitanda, maana nje kuna wezi. Chumba hicho hicho watoto wanalala. Chumba cha pili jiko linawaka.

Hatuandiki somo hili kumwambia ndugu huyu aache biashara yake. Tunajua anasomesha watoto kwa biashara hiyo, na bila yeye mgonjwa wa usiku hafiki hospitali. Tunachotaka ni kwamba yeye na majirani zake wajue vizuri kitu kilichomo ndani ya chupa ile.

Wengi wetu tumekulia kwenye koroboi. Mafuta ya taa tunayajua, na tumezoea tabia yake. Shida ni kwamba tunaichukua petroli kwa mazoea hayo hayo. Tunasema, “Aa, mafuta ni mafuta.” Sivyo!

Hebu fikiri: kwa nini koroboi ina utambi? Ni kwa sababu mafuta ya taa yaliyo baridi hayashiki moto upesi. Utambi hufyonza mafuta kidogo, moto wa kiberiti huyapasha, nayo hutoa mvuke. Mvuke ule ndio unaowaka. Kwa kawaida mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yafike joto la nyuzi 38 au zaidi. Nyuzi 38 ni joto la mtu mwenye homa.

Petroli haingoji kupashwa. Ukifungua kifuniko tu, mvuke unatoka. Hata ukiizungushia barafu, bado itatoa mvuke unaoweza kuwaka. Harufu kali unayoisikia ukipita karibu na chupa zile ndiyo mvuke wenyewe. Ukiisikia harufu ndani ya nyumba, ujue petroli imekwisha kutoka chupani, hata kama huoni tone sakafuni.

Sasa shika jambo la pili, nalo ndilo kubwa zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa kuni. Unashuka chini na kutambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unatafuta mahali pa bonde kama ukungu wa asubuhi. Tofauti yake ni kwamba ukungu unauona, na mvuke huu huuoni. Unaweza kutambaa kutoka uvunguni mwa kitanda hadi jikoni. Ukikuta makaa au koroboi, unawaka, na moto unarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye chupa. Mwenye nyumba atasema, “Lakini jiko lilikuwa mbali!” Ni kweli lilikuwa mbali. Mvuke ndio uliolifuata.

Mambo haya yamekwisha kuua watu wengi Afrika Mashariki na Kati. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, lori la mafuta lilipinduka na wananchi wakaenda kuchota. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walikufa. Kwetu Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, lori jingine lilipinduka Msamvu mjini Morogoro. Watu wakaja na madumu, na hapo pia vifo vilipita 100. Taifa zima likaomboleza siku tatu.

Wengine husema waliokufa walikuwa na tamaa. Maneno hayo hatuyapendi. Mtu anayeona mafuta ya bure yakimwagika njiani, naye hajui habari ya mvuke, anaona bahati tu. Tena si wote wanaokufa ni wachotaji. Huko Sange, mashariki ya Kongo, tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka jioni. Watu wengi walikuwa ndani ya vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto uliwafuata huko huko. Waliokufa walizidi 200, na miongoni mwao wamo ambao hawakushika hata kopo.

Kwa hiyo ukiona lori la mafuta limepinduka, usiende karibu hata kwa kutazama. Kaa upande upepo unakotoka, tena mahali pa juu, maana mafuta na mvuke vitaelekea mabondeni. Zima jiko kama nyumba yako iko karibu, kisha ondoka na watoto.

Turudi kijijini, kwenye ile meza ya chupa. Chupa ya maji ni nyembamba. Juani inalegea, mafuta yanavimba, kifuniko kinavuja. Tena chupa ya maji au ya soda humdanganya mtoto, akadhani ni kinywaji. Ni afadhali kutumia dumu zito lenye kifuniko kinachobana, usilijaze hadi ukingoni, na uandike juu yake kwa rangi nyekundu: PETROLI – HATARI. Sisi tuliokwisha kujifunza kusoma tutasoma. Kwa ambaye hajajua, chora na moto.

Petroli isilale ndani ya nyumba ya watu. Tunasikia jibu: “Na wezi je?” Jenga kibanda kidogo mbali na nyumba na mbali na jiko, kivulini, kwa tofali au mabati, ukifunge kwa kufuli. Acha matundu karibu na ardhi ili mvuke upate kutoka, uyazibe kwa waya wa wavu panya wasiingie. Gharama ipo, hatukatai. Lakini vijana watatu wanaouza wanaweza kushirikiana kibanda kimoja.

Wakati wa kumimina, fanyeni nje, mchana. Pikipiki izimwe, abiria ashuke, anayevuta sigara asogee mbali kabisa. Usimulike tangi kwa kiberiti kutazama kama limejaa. Kama ni usiku na hapana budi, washa tochi ukiwa bado mbali, ndipo usogee. Usinyonye mafuta kwa mdomo kwa mpira; yakiingia mapafuni yanaweza kuua. Kama mtoto amekunywa petroli au mafuta ya taa, msimtapishe wala msimpe maziwa ili atapike. Akitapika mafuta yanaweza kupita mapafuni. Mpelekeni hospitali mara moja.

Na kwa wenzetu ambao bado wanatumia koroboi: petroli isiingie humo kamwe, hata kijiko kimoja cha kuchanganya. Dumu lililokuwa na petroli lisitumike kununulia mafuta ya taa. Wala usiongeze mafuta koroboi ikiwa inawaka.

Je, moto ukitokea? Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina namba ya simu, nayo ni 114. Piga. Lakini gari litatoka wilayani au mkoani, na nyumba ya nyasi haingoji. Kwanza toeni watu, na aliyetoka asirudi ndani kufuata godoro. Usimwage maji juu ya petroli inayowaka. Petroli huelea juu ya maji, kwa hiyo moto utasambaa pamoja na maji. Moto mdogo ufukie kwa mchanga mkavu. Weka ndoo mbili za mchanga kwenye kibanda tangu leo. Tena chupa inayowaka usiibebe kukimbia nayo nje. Watu wengi huungulia hapo, mafuta yanamwagika miguuni na nyumba inaungua vile vile.

Mtu nguo zikishika moto asikimbie. Kukimbia ni kuupulizia. Alale chini ajiviringishe. Wengine wamfunike kwa blanketi zito au gunia la katani lililoloweshwa maji. Gunia la nailoni halifai, linayeyuka na kuganda mwilini.

Moto ukizimika, mmwagieni maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20. Tazameni saa ya simu, maana dakika 20 ni nyingi kuliko mnavyodhani, na wengi huacha baada ya mbili. Mvueni pete na bangili kabla hajavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi msiivute. Msimpake dawa ya meno, samli, unga, asali wala udongo. Malengelenge msiyapasue. Mfunikeni kwa kitambaa safi, mpeni joto sehemu nyingine za mwili, hasa akiwa mtoto, kisha mpelekeni hospitali.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini koroboi ina utambi, na petroli haihitaji utambi ili iwake?

2. Mama Asha anapika umbali wa hatua kumi kutoka chumba chenye petroli. Mlango umefungwa. Je, yuko salama? Elezeni kwa nini.

3. Hesabuni nyumba zinazouza petroli katika kitongoji chenu. Ngapi zinaiweka chumba cha kulala? Nani atakwenda kuzungumza nao, na kibanda cha pamoja kinaweza kujengwa wapi?