SOMO LA KIKUNDI: SI KILA JIWE JEKUNDU NI RUBI



Tunajua vikundi vingi vya Taita Taveta, Kwale, Baringo na Pokot Magharibi vina wanachama wanaochimba au kuokota mawe. Mtu akipata jiwe jekundu, kijiji kizima kinasema, "Ni rubi!" Broka naye akifika anasema, "Mama, hii ni ganeti tu, nitakupa ya unga." Nani anasema kweli? Asiyejua atakubali bei yoyote. Au atakataa bei nzuri ya ganeti akingoja bei ya rubi isiyokuja, na muhula unapita bila karo kulipwa.

Somo hili lina neno moja kubwa: rangi peke yake haitambulishi jiwe. Hata wafalme walikosea. Kwenye taji la Uingereza kuna jiwe kubwa jekundu ambalo kwa mamia ya miaka liliitwa rubi. Siku hizi inajulikana kwamba ni spineli. Sasa, tusione haya kujifunza.

MAWE TUNAYOCHANGANYA

Rubi: Kenya ina rubi za kweli. Zile za Mangare, karibu na Kasigau, ziligunduliwa mwaka wa 1973.

Ganeti nyekundu: hii ndiyo inayopatikana zaidi Taita Taveta na Kwale. Aina yenye wekundu wa zambarau huitwa rodolaiti. Jina ganeti lilitokana na tunda la komamanga, na ukiona punje zake utajua kwa nini.

Spineli: nyekundu nzuri hutoka Mahenge, Tanzania, na hupita mikononi mwa wauzaji wetu pia.

Tomalini nyekundu, na mwisho kioo. Naam, hata vipande vya chupa na vya taa za gari vimewahi kumdanganya mtu.

HATUA YA 1: TAZAMA UMBO

Kabla jiwe halijakatwa, umbo lake linasema mengi. Lioshe, kisha litazame juani.

Rubi ina pande sita kama penseli ya mbao iliyokatwa, na ncha zake ni bapa. Mara nyingine kwenye ncha hiyo utaona alama ndogo za pembetatu. Ganeti ni ya mviringo kama mpira mdogo wenye nyuso nyingi, kila uso una pande nne. Spineli ni kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Tomalini ni ndefu, ina mistari inayopanda na urefu wake, na ukiikata ncha yake ni kama pembetatu iliyovimba. Lakini jiwe lililobingirishwa na mto limepoteza umbo, kwa hivyo tuendelee.

HATUA YA 2: MWANGA WA KUKAGUA NOTI

Duka nyingi zina ile taa ya zambarau ya kukagua noti bandia. Ingieni chumba chenye giza, mulikeni jiwe. Rubi nyingi za kwetu huwaka nyekundu kama kaa la moto. Ganeti hubaki nyeusi, haiwaki. Ngoja kidogo lakini: spineli nyekundu nayo huwaka, na rubi yenye chuma nyingi ndani huwaka kidogo tu. Kwa hivyo kuwaka ni dalili nzuri, si hukumu.

HATUA YA 3: MIZANI NA MAJI

Hatua hii inataka mizani ndogo ya betri inayosoma sehemu ya kumi ya gramu au chini. Jiwe liwe safi, lisiwe limeshikana na mwamba.

1. Pima jiwe likiwa kavu. Andika.
2. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, urudishe mizani kwenye sifuri.
3. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, ulining'inize ndani ya maji. Lisiguse chini wala pembeni. Soma mizani.
4. Gawanya namba ya kwanza kwa namba ya pili.

Mfano: jiwe kavu ni gramu 12, na ndani ya maji mizani inasoma 3. Kumi na mbili kwa tatu ni 4. Hiyo ni namba ya rubi. Spineli hutoa kama 3.6, tomalini kama 3.1, kioo cha chupa kama 2.5. Rodolaiti hutoa kama 3.8, na ganeti nyingine hufika 4 au kupita. Mmeona? Maji yanaondoa kioo na tomalini mara moja, lakini rubi na ganeti zinakaribiana mno.

HATUA YA 4: SUMAKU

Hapa ndipo ganeti inajitoa. Tafuteni sumaku kali, kama ile iliyo ndani ya diski ya kompyuta iliyoharibika. Weka jiwe dogo juu ya kifuniko chepesi cha plastiki kinachoelea majini. Leta sumaku karibu bila kugusa. Ganeti nyekundu ina chuma, kwa hivyo itafuata sumaku polepole. Rubi haifuati.

MAJARIBIO YA KUACHA

"Limekwaruza kioo, basi ni rubi." Hapana. Ganeti, spineli, tomalini, hata kwatzi nyeupe ya barabarani hukwaruza kioo.

"Ligonge na nyundo." Hapana! Ugumu wa kukwaruza si ugumu wa kupasuka. Rubi hupasuka, na thamani yake huisha hapo hapo.

"Liweke motoni." Jiko la makaa litalipasua tu.

JIWE LILILOKATWA

Jiwe jekundu linalong'aa na limekatwa tayari, likiuzwa mjini kwa bei ya chini, liogopeni. Tangu mwaka wa 1902 dunia inajua njia ya kutengeneza rubi viwandani. Hiyo itapita jaribio la mwanga, la maji na la sumaku, kwa sababu imeundwa kwa vitu vile vile. Mtaalamu ndiye ataona mistari iliyopinda au viputo ndani yake. Bila cheti cha maabara, msinunue.

JINA SI BEI

Msisahau hili. Rubi isiyopitisha mwanga, yenye nyufa, inaweza kuuzwa chini ya rodolaiti safi. Kwa hivyo mkijua ni ganeti msivunjike moyo. Tazameni usafi, rangi na ukubwa, na mwulize wanunuzi zaidi ya mmoja.

Jiwe likipatikana, liandikwe katika kitabu cha kikundi: tarehe, uzito na matokeo ya kila hatua, mbele ya watu wawili. Jiwe lisitoke "kwenda kupimwa" bila karatasi yenye sahihi. Pia Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inataka mchimbaji mdogo awe na kibali. Asiye nacho hana nguvu ya kubishana na broka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Jiwe la gramu 10 limesoma 2.5 ndani ya maji, na linafuata sumaku. Ni nini?
2. Kwa nini hatutegemei jaribio moja tu?
3. Nani katika kikundi chetu atatunza mizani na sumaku?