Kivuli Nyuma ya Mtulinga

Bwana Mhariri ameniomba somo la Fizikia kwa muhula huu, nami nimechagua picha za eksirei na mashine zinazofundishwa kuzisoma. Jambo hili si geni nyumbani kwetu. Mwaka 2011 baba yangu alianguka kwa baiskeli akavunjika mtulinga, yaani ule mfupa utokao begani kuelekea shingoni. Alipelekwa hospitali, akapigwa picha, mfupa ukaonekana, akafungwa mkono, akarudi nyumbani na picha yake katika bahasha. Baada ya miezi saba alikuwa akikohoa damu. Mganga wa pili aliitaka ile picha ya zamani, akaiinua dirishani, akatuonyesha doa jeupe, dogo kama punje ya mahindi, katika ncha ya pafu, nyuma tu ya mfupa uliovunjika. Kilikuwa kifua kikuu. Baba alitibiwa akapona, lakini pumzi yake haikurudi kama zamani, na mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa akilala chumba kimoja naye, aliugua pia.

Kwa miaka mingi nilimlaumu yule aliyeisoma picha ya kwanza. Sasa simlaumu sana, na sababu yake ndiyo somo lenyewe.

Eksirei ziligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895. Hupita kwa urahisi penye hewa, kwa hiyo mapafu hutokea meusi. Mifupa huzizuia, nayo hutokea myeupe. Ugonjwa ukiingia pafuni, pale huonekana weupe kama ukungu. Tabu ni kwamba picha ni vivuli vya vitu vingi vilivyolaliana, na kifua kikuu hupenda sana sehemu ya juu ya mapafu, ambako mtulinga hupita. Tena jicho likiisha kupata kile lilichotumwa kutafuta, hutulia. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapa habari za jaribio la ajabu. Waliwapa waganga 24, mabingwa wa kusoma picha, kazi ya kutafuta vinundu vidogo mapafuni, kisha katika picha za mwisho wakatia umbo la gorila, kubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Waganga 20 hawakumwona kabisa. Si kwamba hawakutazama pale. Macho ya wengi wao yalipita juu yake.

Basi mashine huonaje? Chukueni karatasi ya miraba, mwandike katika kila mraba namba kuanzia 0, nyeusi kabisa, hadi 255, nyeupe kabisa. Hiyo ndiyo picha kwa kompyuta: namba tupu, mamilioni kwa kifua kimoja. Programu ya akili mnemba huonyeshwa maelfu ya picha ambazo majibu yake yanajulikana. Kila ikikosea, hesabu zake za ndani hurekebishwa kidogo, mpaka makosa yapungue. Haina haraka ya kwenda chakula cha mchana, na picha ya mia mbili huisoma kama ya kwanza.

Je, inafaa? Huko Sweden picha za matiti za wanawake wapatao 80,000 ziligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilisomwa na waganga wawili wawili, kama desturi yao. Katika fungu la pili mashine ilisaidia, na picha nyingi zilisomwa na mganga mmoja tu. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2023: fungu la desturi lilionyesha saratani 203, fungu la mashine 244, na kazi ya waganga ya kusoma picha ikapungua kwa asilimia 44.

Kwa kifua kikuu, Shirika la Afya Duniani liliruhusu mwaka 2021 programu za namna hii zitumike katika uchunguzi wa watu wa miaka 15 na zaidi. Hata kwetu zimejaribiwa: utafiti wa Bagamoyo, ambao Taasisi ya Afya ya Ifakara ilishiriki, ulichapwa mwaka 2014. Mashine haisemi, “Huyu mgonjwa.” Hutoa alama, tuseme kati ya 0 na 100, na watu ndio wanaoamua mpaka. Anayeuvuka hupimwa makohozi. Mpaka ukiwekwa chini sana, wazima wengi watahangaishwa. Ukiwekwa juu sana, watu kama baba watarudishwa nyumbani. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko zote, wala si kazi ya mashine.

Wazazi wasidhani kwamba chombo hiki hakikosei. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walieleza juu ya programu ya kutambua homa ya mapafu ambayo ilifanya vyema katika hospitali ilikojifunzia, lakini kwingine ikalegea. Walipochungulia waliona imejifunza kutambua picha imetoka hospitali gani, hata kwa ile alama ya chuma inayowekwa kuonyesha kushoto na kulia. Hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi zaidi, basi ikabahatisha kwa hilo. (Kidato cha Pili, mnaobahatisha majibu kwa kutazama sura yangu, mnaelewa.) Tena programu iliyofundishwa kifua kikuu peke yake ingeliona doa la baba, na mfupa uliovunjika isiutaje.

Ile picha ya mwaka 2011 nimeileta shuleni. Imo katika kabati la maabara ya Fizikia, na anayetaka kuitazama aje asubuhi, wakati jua liko upande wa madirisha. Mwezi uliopita niliwapa wanafunzi 38 bila kuwaambia neno, ila waeleze wanachokiona. Wote waliandika mfupa. Watatu waliandika na doa, na mmoja wao alilifuta.